Mchumia Juani Atalia Kivulini Lini?

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Mishahara na Marupurupu,
Williamson House, Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: PENGO LA MISHAHARA, NA HOJA YA KWAMBA NDILO LINALOTUAMSHA ASUBUHI

Nawaandikia kutoka Likoni, ng'ambo ya feri, wadi ya Shika Adabu. Jina la wadi sikulichagua mimi, lakini nitajitahidi kulifuata mpaka mwisho wa barua.

Mimi ni karani mstaafu. Kwa miaka ishirini na tatu niliandika mahudhurio ya vibarua katika ghala moja la Shimanzi: nani kaja, nani kabeba mangapi, nani kalipwa nini Jumamosi. Uchumi sikuusomea. Lakini jasho limegeuka tarakimu chini ya kalamu yangu kila siku ya kazi, na sidhani wachumi wengi wamelitazama kwa karibu kiasi hicho.

Kilichonichokoza ni redio. Juzi alfajiri nilikuwa kwa mama mahamri karibu na feri, nangoja chai ipoe. Mgeni mmoja studioni, sauti imeshiba usingizi, akawa anaeleza kwamba tofauti kubwa ya mapato ndiyo mafuta ya uchumi. Walipe watu kwa kukaribiana, alisema, uone kama hawatalala. Mama mahamri huamka saa tisa za usiku kukanda unga. Hakusema neno. Alipunguza sauti ya redio, akageuza mahamri kwenye karai, akaniuliza kama nataka na mbaazi.

Nawaandikia nyinyi, simwandikii yule mgeni, kwa sababu mizani mmekabidhiwa nyinyi. Kifungu cha 230 cha Katiba kimewaagiza mzingatie mambo manne: mzigo wa mishahara uwe unaobebeka na hazina, utumishi wa umma uweze kuwavutia na kuwabakisha watu wenye ujuzi, tija na utendakazi vitambuliwe, na pawepo uwazi na haki. Ile hoja ya redioni imejibanza kwenye la pili na la tatu. Na kwa muda mrefu nimeona mambo hayo mawili yakitumika kwa walioketi juu, la kwanza likitumika kwa walio chini, na la nne likiachwa kwenye kitabu. Nitawapa sababu zangu kwa nambari, kama nilivyozoea daftarini.

1. Agosti 2023 mlichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali mshahara wa mbunge: shilingi 725,502 kwa mwezi. Agizo la mishahara ya chini lililoanza kutumika Novemba 2024 lilimtaka mwajiri wa Mombasa amlipe kibarua wa kawaida shilingi 16,113 na senti 75, mbali na marupurupu ya nyumba. Gawanyeni. Ni mara 45. Kibarua akianza leo kuukusanya mshahara wa mwezi mmoja wa mbunge, asile, asipande matatu, asilipe kodi ya chumba, itamchukua miaka mitatu na miezi tisa. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo anayoanza atakuwa anakaribia kuingia PP1, darasa la awali. Na hapo sijagusa marupurupu ya vikao vya kamati wala ya masafa. Sijagusa pia vibarua wanaolipwa chini ya agizo lenyewe, maana hao mkitaka kuwahesabu itabidi mje na viti.

Najua mshahara wa chini hauwekwi na nyinyi. Ule ni wa Waziri wa Leba. Lakini pengo lina ncha mbili, na moja mmeishika nyinyi.

Kama mshahara ni kipimo cha bidii, basi kwa kibarua wa saa nane, mbunge angehitaji siku yenye saa 360. Mtasema si bidii tu, ni dhamana, ni elimu, ni uzito wa maamuzi. Vyema. Basi tuache kuiita bidii.

2. Jaribio mmeshalifanya wenyewe. Mwaka 2017 mlipunguza mshahara wa mbunge kutoka 710,000 hadi 621,250. Kelele zilifika mpaka mahakamani. Agosti ya mwaka uleule tulipiga kura, na karatasi ya ubunge huku Likoni haikukosa majina. Ya 2022 pia haikukosa. Julai 2024, vijana walipokuwa wamejaa barabarani wakiandamana, mkasimamisha nyongeza iliyokuwa njiani. Sijasikia mbunge aliyerudisha kiti. Majibu ya lile swali la kuvutia na kubakisha mnayo kwenye faili zenu.

3. Njooni feri saa kumi na moja alfajiri. Mteremko wa Likoni umeshajaa. Wapo wasichana wa viwanda vya EPZ wanaokwenda kushona suruali ambazo hawatazivaa. Wapo kina mama wanaokwenda Kizingo na Nyali kufua na kulea watoto wa watu, wao wa kwao wamewaacha kwa jirani. Wapo vijana wa mjengo, viatu vya kazi wamevitia kwenye kiroba ili ndara zichakae badala yake. Walinzi wa usiku wanarudi, macho mekundu, wanapishana nao pembeni. Lango likifunguliwa watu hawatembei, wanamiminika. Kwa hesabu ambayo wasimamizi wa kivuko wameitaja miaka mingi, wanaovuka kwa siku ni zaidi ya 300,000.

Simameni hapo mnionyeshe mvivu.

Waliozama na feri ya MV Mtongwe asubuhi ya 29 Aprili 1994, watu 272, wengi wao walikuwa wakiwahi kazini. Sisi tulio na umri tunajua nani alikosa feri ile kwa dakika mbili na nani aliiwahi.

Kuna jambo jingine kwenye mteremko ule ambalo mgeni wa redio angepaswa kulitazama. Mwenye gari hulipa. Mwenye miguu halipi. Kwa nadharia yake, mtu akipewa kitu bure hulegea. Hapa ile bure ndiyo inayowatoa watu kitandani. Tozeni hata shilingi ishirini kwenda na ishirini kurudi, na kuna mfuaji nguo ambaye hesabu yake itakataa. Siku hiyo atabaki nyumbani, na redioni ataitwa mvivu.

Wazee walituachia kwamba mchumia juani hulia kivulini. Neno "hulia" lina masikio mawili, la kula na la kutoa machozi. Walikusudia la kwanza. Nimewaona watu waliochumia juani miaka thelathini, na kivuli pekee walichopata ni cha turubali siku ya matanga.

4. Fikira kwamba maskini huamshwa na shida na tajiri huamshwa na pesa si ngeni kwetu. Ilikuja na meli.

Kodi ya kibanda ilianza 1901. Iliijaza hazina, ndiyo, lakini shabaha yake nyingine haikuwa siri: mtu mwenye mihogo yake na minazi yake hana haja ya kumbebea mwingine mzigo, basi adaiwe rupia mpaka atoke azitafute. Mbele ya Tume ya Leba ya 1912 na 1913 walowezi walikwenda kuyaomba hayo kwa sauti, ardhi ya wenyeji ipunguzwe na kodi ipandishwe ili watu waje kazini. Ikazaliwa hekima ya ofisini iliyodumu miongo: Mwafrika ukimwongeza mshahara atafanya kazi siku chache zaidi, kwa kuwa anataka vijisenti fulani tu kisha arudi kulala. Mzungu, yeye, ili afanye kazi vizuri alihitaji mshahara mnono, nyumba, na likizo ya kwenda kwao kwa meli. Binadamu wawili, maumbile mawili.

Vibarua wa bandari ya Kilindini ndio waliotajwa sana kuwa ushahidi, kwa sababu walikuja kazini siku walizotaka. Jibu lao lilitoka 13 Januari 1947. Watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, wa majumbani, waliacha kazi, na mji ukasimama karibu wiki mbili. Walikutana kwenye uwanja wa mpira wakauita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Katika madai yao limo hili: kazi sawa, malipo sawa, bila kutazama rangi. Hakuna aliyedai alipwe kama gavana. Serikali ikaunda baraza la usuluhishi na mishahara ikapanda; Kibachia akakamatwa Agosti ya mwaka huohuo akapelekwa kuzuiliwa Baringo. Mwaka 1955 makuli wakagoma tena, Tom Mboya wa vyama vya wafanyakazi akaja kusaidia mazungumzo, mshahara ukapanda tena. Katika miaka hiyo ndipo vibarua wa bandari walipokuwa wakiandikishwa rasmi, kazi ikawa ya kutegemeka zaidi.

Kwa hekima ya ofisini, gati zingebaki tupu. Badala yake ukuli ukawa kazi ambayo baba alimwombea mwanawe. Mjomba wangu aliipata. Kadi yake ya bandari aliiweka rafu moja na msahafu, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa kwa mikono yenye mafuta.

Nimewarudisha huko kwa sababu yale maumbile mawili hayajahama ofisini. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na mojawapo ya mizizi ya mgomo ule ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema 70,000, na ushauri wenu ukawa unatajwa kama ngao. Hoja ilikuwa uwezo wa hazina. Sawa, hazina ni yetu sote. Lakini lile jambo la kuwavutia na kuwabakisha wenye ujuzi lilikwenda wapi wiki zile nane? Daktari akiomba, huambiwa kazi ni wito. Mkubwa akiomba, twaambiwa vipaji vina bei.

5. Turudi Shimanzi. Sitalitaja ghala, wenyewe wapo.

Gengi moja ilikuwa na watu kumi na wawili na nyapara wao. Walilipwa kwa tani, wakagawana Jumamosi chini ya mkwaju nje ya lango. Katika miaka yangu yote sikuona mgao wa sawa kabisa. Yule aliyepanga magunia juu ya rundo, kichwa kikigusana na mabati, alipewa fungu na nusu, maana joto la kule juu laweza kuoka mkate, na akikosea pembe moja rundo zima humwangukia aliye chini. Nyapara naye alikuwa na chake cha juu. Hakuna aliyenung'unika. Walijua ni cha nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenye ghala wakaja na jambo jipya. Malipo ya gengi kwa tani yakapunguzwa, na kilichopunguzwa kikawa bonasi ya nyapara kwa kila tani iliyotoka kabla ya saa kumi jioni. Tuliambiwa ni motisha. Nyapara alipata motisha kwelikweli, alinunua pikipiki. Kwa gengi, hivi ndivyo daftari langu linavyosema: magunia ya mchele yaliyochanika, ambayo yalikuwa mawili au matatu kwa siku, yalianza kuhitaji ukurasa wa pili. Mchele ulimwagika mpaka njiwa wa Shimanzi wakashindwa kuruka. Hakuna aliyegoma. Walifika kwa wakati, wakabeba, wakatembea. Walitembea tu. Ukiwa hujawahi kuiona gengi inayokimbia na magunia, hutajua tofauti, na mwenye ghala hakuijua, alikaa juu kwenye feni.

Nambari 14 katika daftari langu alikuwa mzee wa Mtongwe, mpangaji wa juu. Nilimwuliza kuna nini. Alivua kile kipande cha gunia alichojifunika begani, akakikung'uta vumbi, akakikunja taratibu kama mtu anayekunja shati la Idi. "Karani," akasema, "kilo hamsini nazimudu. Siku hizi nyapara amepanda juu ya gunia."

Bonasi ile ilidumu miezi saba. Ilifutwa kimyakimya, bila barua. Pikipiki ilibaki.

6. Msidhani natetea usawa wa kukatwa kwa msumeno. Wavuvi wa Timbwani na Mtongwe wakirudi na samaki hugawa: chombo fungu lake, nyavu fungu lake, nahodha mafungu mawili, baharia fungu mojamoja. Desturi hutofautiana pwani hadi pwani. Ila nahodha wa mafungu 45 sijamsikia popote. Angekwenda baharini peke yake.

Mtaniuliza, mbona vijana wa Likoni wanakimbilia Doha? Si tofauti ya mapato hiyo inayowavuta? Ndiyo, na hapo ndipo penye siri. Qatar iliweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 tangu Machi 2021, zaidi ya shilingi 35,000, yaani maradufu ya wa Mombasa na ziada. Kijana anayepanda ndege hajali sheikh anaingiza ngapi. Anafuata hayo maradufu, kwa sababu amemwona jirani yake akiyapata na kumwezekea mamake nyumba ya mabati. Urefu wa mnazi haumpandishi mkwezi. Vidato ndivyo vinavyompandisha. Na pengo la mara 45 ni mnazi uliochongwa vidato kuanzia kwenye makuti, huku chini gogo laini kabisa, kisha mtu anasimama kivulini anauliza kwa nini watu hawapandi.

Na majirani zetu wa kusini, Tanzania? Rais Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20 Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi mishahara miwili, hisa, na nyumba za kupangisha. Sisi, mwaka 1971, Tume ya Ndegwa ikawafungulia watumishi wa umma mlango wa kufanya biashara zao huku wakiwa kazini. Mtu ataniambia: na maduka ya kule yalikauka mwanzoni mwa miaka ya 1980, au umesahau? Sijasahau. Muulizeni mzee yeyote wa Vanga au Lunga Lunga jinsi sabuni ilivyokuwa ikivushwa usiku. Palikuwa na vita vya Kagera, mafuta yalipanda bei, watu walihamishwa vijijini kwa nguvu. Lakini mkulima wa kule alipoacha kupalilia, aliacha kwa sababu bei aliyolipwa kwa zao lake haikufanana na jasho lake. Waziri kukosa Benzi ya pili hakukuwa na uhusiano na palizi. Mtu huacha kujituma asipoona jasho likimrudia. Hilo nalikubali mia kwa mia. Ndilo ninalolililia tangu ukurasa wa kwanza.

7. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Siku zilizofuata watu waliuawa, majirani zetu waliotoka bara wakafukuzwa, maelfu wakajazana kanisani hapa Likoni na mabunda yao. Waliochochea walikuwa na hesabu zao za uchaguzi, na damu ile haina udhuru wowote, nawajua waliopoteza. Lakini wachochezi walikuta kuni zimekauka: vijana wasio na kazi wanaoziona winchi za bandari kila wakifungua dirisha, na ardhi waliyozikiwa babu zao ikiwa na hati ya mtu mwingine. Nadharia ya yule mgeni wa redio inasema kijana akimwona mwenzake juu ya mti atapanda. Wengine hupanda. Wengine hutafuta shoka.

Sasa maombi yangu. Ni machache.

(a) Nyongeza itolewe kwa shilingi, asilimia ziachwe. Asilimia kumi ya 16,000 ni 1,600; ya 725,000 ni 72,500. Kwa tangazo moja lenye sura ya haki, pengo limepanuka kwa shilingi 70,900. Katika mapitio yenu yajayo, kila mtumishi wa umma aongezwe kiasi kilekile, mfagiaji na mkurugenzi, kwa mzunguko mmoja tu. Tuone nani atajiuzulu.

(b) Kila mwaka chapisheni, kwa Kiswahili kinachosomeka, mara ngapi mkubwa wa kila taasisi ya umma anampita mdogo wake. Na mdogo huyo awe ni pamoja na mfagiaji na mlinzi walioletwa na kampuni ya mkataba. Hao ndio siku hizi wanafichwa nje ya daftari, kisha taasisi inajisifu kwamba haina mtu wa mshahara wa chini.

(c) Wekeni kikomo. Napendekeza mara 20 kwa kuanzia, marupurupu yote yakihesabiwa ndani, na mara 15 mzunguko unaofuata. Kama mnaona nambari hizi si sawa, toeni zenu na mtueleze mmezipataje. Mtu asilipwe posho ya kuketi kwenye kikao ambacho ndicho kazi aliyoajiriwa.

(d) Mkilitaja neno tija, leteni kipimo. Nambari 14 alikuwa na kipimo: magunia, siku, yaliyochanika. Afisa wa mamia ya maelfu awe nacho pia, na kiwekwe mahali ambapo mimi ninaweza kukisoma. Daftari tupu ninalo moja la ziada, nitawapa.

(e) Mje Likoni msikilize. Hoteli ya ufuoni yenye chupa za maji mezani muiache, na Kiingereza kiacheni Nairobi. Njooni siku ya kazi, Jumatatu ikiwezekana, kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Magari yaacheni upande wa kisiwani, mvuke kwa miguu kuja huku. Mtakuwa mnakwenda kinyume cha umati, kwa hiyo mtaziona nyuso zote. Mkimaliza kupanda mteremko, fuateni moshi wa karai. Nitakuwa kwenye benchi, na mama mahamri nimeshamwambia kuna wageni. Chai ni juu yangu. Nauli ya feri msijisumbue nayo, wenye miguu hawalipi.

Wasalaam,

Karani mstaafu,
Shika Adabu, Likoni.